Neva Zinavyopunguzwa Kwenye Misuli ya Kichanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wanafunzi wa fiziolojia, wauguzi, watu wa fiziotherapia, na wazazi waliosikia mahali kwamba mwili wa mtoto mchanga huondoa sehemu kubwa ya miunganiko ya neva na misuli yake wenyewe. Maswali tumeyaacha yalivyoulizwa, hata yale ya kichokozi.

Kwa ufupi, ni nini hasa kinachotokea?

Chukua uzi mmoja wa msuli wa mtu mzima. Uzi huo unapokea amri kutoka kwa nyuroni moja tu ya mwendo, yaani seli moja ya neva inayoamrisha misuli. Mwili wa nyuroni hiyo umo ndani ya uti wa mgongo. Kutoka hapo hutuma mkono mrefu, yaani aksoni, hadi kwenye msuli, na ukifika huko unagawanyika matawi, kila tawi na uzi wake. Tawi na uzi hukutana mahali pamoja tu, kwa kawaida karibu na katikati ya uzi.

Kwa kichanga mambo ni tofauti. Mahali palepale pamoja hufikiwa na matawi ya nyuroni kadhaa, na zote zinatoa amri. Siku zinavyokwenda, matawi hayo yanaondoka moja baada ya jingine mpaka libaki moja. Kwa panya wa maabara kazi hiyo inamalizika ndani ya wiki mbili hivi baada ya kuzaliwa. Wataalamu huiita upogoaji wa sinapsi, au uondoaji wa sinapsi; sinapsi ni mahali neva inapokutana na seli inayoipa amri.

Hapo panapokutana neva na msuli pana nini cha kugombaniwa?

Nafasi. Makutano hayo hayafiki hata asilimia 0.1 ya uso wa uzi wa msuli, lakini ndipo vipokezi vya asetilikolini vilipojazana: kama 10,000 katika kila maikromita moja ya mraba, na ukitoka nje kidogo tu ya eneo hilo ni kama huvioni kabisa. Neva inamwaga asetilikolini, vipokezi vinaidaka, uzi unajikunja. Aksoni isiyokuwa na nafasi juu ya vipokezi hivyo haina la kumwambia msuli.

Kwa nini mwili utengeneze vingi halafu uvitupe? Si hasara hiyo?

Mkulima wa mahindi anatia punje mbili tatu katika shimo moja, kisha miche ikichipua anang'oa ya ziada na kuacha mmoja. Hamwiti mtu huyo mpotevu. Anajua kwamba akitia punje mojamoja, mashimo kadhaa yatabaki matupu. Mwili una tatizo hilohilo. Msuli mmoja una nyuzi maelfu, nyuroni zinazouhudumia ni makumi au mamia, na hakuna maelekezo ndani ya jeni yanayosema nyuroni namba fulani iende kwenye uzi namba fulani. Kwa hiyo zinatumwa kwa wingi, na hakuna uzi unaokosa.

Mfano huo una kasoro moja kubwa, nayo tutaifikia katika swali linalofuata.

Faida ya pili ni usahihi wa nguvu. Nyuroni moja pamoja na nyuzi zake zote huitwa kizio cha mwendo. Kwenye misuli inayogeuza jicho, kizio kimoja kinaweza kuwa na nyuzi kumi tu au pungufu. Kwenye msuli mkubwa wa shavu la mguu zinapita elfu. Unapookota sindano sakafuni, ubongo unaita vizio vidogo kwanza. Unapobeba ndoo ya maji, vikubwa vinaongezwa juu yake. Mpangilio huo wa kuanza na vidogo ulielezwa na Elwood Henneman, na ndiyo unaokuwezesha kuongeza nguvu kidogo kidogo. Sasa fikiria kila uzi una mabwana wanane. Ukiita kizio kimoja umegusa nyuzi za vizio vingine saba, na ukiita cha pili nyuzi nyingi tayari zilishajikunja, kwa hiyo nguvu haiongezeki ipasavyo. Kugawana nyuzi bila kuingiliana ndiko kunakoupa mfumo huo maana.

Kwa hiyo nyuroni zilizoshindwa zinakufa?

Hapana, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama. Mche unaong'olewa shambani unakufa wote. Nyuroni inapoteza tawi tu. Nyuroni ileile iliyoshindwa kwenye uzi huu inaweza kuwa mshindi kwenye uzi wa jirani, na karibu zote zinafika mwisho wa kipindi hiki zikiwa hai na zikiwa na nyuzi zao.

Kifo cha nyuroni za mwendo kipo, ila ni jambo jingine na linatangulia. Viktor Hamburger alizihesabu kwenye viinitete vya kuku akaona karibu nusu ya nyuroni za mwendo hufa kabla kifaranga hakijaanguliwa. Ukisoma makala inayochanganya kifo hicho na upogoaji wa matawi, iweke pembeni.

Ushahidi uliozitenganisha habari hizi mbili ulichapishwa mwaka 1976 na M. C. Brown, Jan Jansen na David Van Essen, waliofanya kazi kwenye soleus, msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti, wa panya wachanga. Idadi ya nyuroni zinazohudumia msuli ilibaki ileile, lakini ukubwa wa kila kizio ulipungua mara kadhaa. Kuna kipimo kimoja kwenye kazi za aina hii ambacho ni rahisi na kinapendeza: pima nguvu inayotolewa na kila aksoni peke yake, kisha zijumlishe. Kwa panya mzima jumla inalingana na nguvu ya msuli wote. Kwa mchanga jumla inapita nguvu ya msuli kwa mbali, kwa sababu uzi mmoja umehesabiwa tena na tena chini ya majina tofauti.

Nani aliona kwanza?

Jorge Francisco Tello, mwanafunzi wa Santiago Ramón y Cajal, bingwa wa utafiti wa neva huko Hispania, alieleza mwaka 1917 aksoni nyingi zikielekea kwenye uzi mmoja, kwa kutumia rangi ya fedha inayozifanya neva zionekane nyeusi. Jambo hilo lilikaa miaka mingi bila kufuatiliwa sana.

Mwaka 1970 Paul Redfern akalithibitisha kwa umeme, kwenye kiwambo cha panya, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mbinu yenyewe inastahili kuelezwa taratibu. Unatoa msuli pamoja na neva yake, unauweka kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni, na unachoma sindano nyembamba ya kioo ndani ya uzi mmoja ili kusoma volti. Halafu unaichokoa neva kwa umeme, ukianza chini kabisa na kupandisha polepole. Kila aksoni ina kiwango chake cha kuamka. Kwa panya mzima utaona kimya, kimya, kisha ghafla mruko mmoja, na hata ukiendelea kupandisha hakuna kinachobadilika. Kwa panya mchanga unaona mruko mdogo, kisha juu yake mwingine, kisha mwingine: ngazi. Kila kidato ni aksoni moja zaidi iliyoingia kwenye uzi huohuo. Rudia baada ya siku kumi na kitu na ngazi imebaki kidato kimoja.

Idadi halisi ni ngapi? Vitabu vinatofautiana.

Vinatofautiana kwa sababu vipimo vya umeme vinakosa matawi dhaifu, na pia kwa sababu siku ya kupima ina maana kubwa. Vitabu vya zamani vinataja aksoni mbili hadi tano au sita kwa kila makutano. Mwaka 2012 kundi la Jeff Lichtman lilitumia hadubini ya elektroni kwa panya wa siku ya kuzaliwa na kukuta makutano yenye aksoni kumi au zaidi, nyingi zikiwa nyembamba mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Kwa mtihani, andika "kadhaa" na ueleze sababu. Mwalimu mzuri atakupa alama.

Mshindi anapatikanaje?

Hili ndilo swali lenyewe, na majibu yake mengi yametoka kwa panya wadogo waliobadilishwa jeni ili nyuroni zao zing'ae rangi. Mark Walsh na Lichtman walichapisha mwaka 2003 picha za makutano yaleyale zilizopigwa siku baada ya siku kwenye msuli wa shingo wa panya hai. Panya mchanga analazwa kwa dawa, ngozi ya shingo inafunguliwa, picha inapigwa, jeraha linashonwa, anarudishwa kwa mama yake, na baadaye anarudiwa tena. Aksoni moja inang'aa rangi moja, ya pili nyingine, na vipokezi vinaonekana chini yao.

Siku ya kwanza rangi hizo mbili zimechanganyikana juu ya kipande kimoja. Siku zinazofuata zinajitenga, hii upande huu, ile upande ule. Kisha moja inaanza kurudi nyuma, na sehemu anayoiacha inakaliwa na mwenzake. Mara nyingine mwenye eneo dogo anapindua mambo na kushinda. Kwa hiyo huwezi kumtaja mshindi kwa kutazama tu nani ana eneo kubwa mwanzoni.

Nguvu nayo inabadilika kabla ya eneo. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba aksoni mbili zinazogombania makutano huanza na nguvu zinazokaribiana, halafu moja inadhoofika, inatoa asetilikolini kidogo na kidogo, na ndipo inaondoka.

Na utendaji una neno. Mwaka 2003 Mario Buffelli na wenzake walitengeneza panya ambao baadhi tu ya aksoni zao haziwezi kutengeneza asetilikolini kiasi cha kawaida. Zilipokutana na zile nzima, nzima zilishinda. Miaka tisa kabla ya hapo, Rita Balice-Gordon na Lichtman waliziba vipokezi vya sehemu ndogo ya makutano kwa sumu ya nyoka iitwayo alfa-bungarotoksini. Neva iliyokuwa juu ya sehemu iliyozibwa ikaondoka. Walipoziba makutano yote, hakuna kilichoondoka. Kumbuka matokeo hayo mawili pamoja. Ndiyo ufunguo wa swali la msuli uliopooza, hapo chini.

Kuna ugunduzi mmoja ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2012 Stephen Turney na Lichtman walimwondoa kwa mwanga wa leza yule aliyekuwa anashinda, wakati mwenzake tayari yuko njiani kuondoka. Yule anayeondoka akageuka, akarudi, akachukua makutano yote. Alikuwa hajavunjika; alikuwa anasukumwa nje kwa sababu mwingine alikuwepo.

Je, wingi wa matawi unamsaidia nyuroni kushinda?

Kinyume chake. Narayanan Kasthuri na Lichtman (2003) walitafuta nyuroni mbili zinazokutana kwenye nyuzi kadhaa za msuli mmoja. Zilipokutana mara nyingi, nyuroni ileile ndiyo iliyokuwa ikiongoza kote, na ilikuwa ile yenye matawi machache. Tafsiri inayokubalika ni kwamba nyuroni inagawa rasilimali zake kwa matawi yote iliyo nayo, na aliyejitandaza sana anakuwa mwembamba kila mahali.

Nimesoma kwamba msuli ukipooza upogoaji unachelewa, lakini pia aksoni iliyo kimya inashindwa. Vipi vyote viwe kweli?

Kwa sababu kinachopimwa ni tofauti kati ya washindani, si kelele kwa jumla. Mwaka 1979 Wesley Thompson, Damien Kuffler na Jansen walinyamazisha neva nzima ya panya wachanga kwa tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki bunju ambayo wavuvi wa pwani yetu wanaiheshimu. Aksoni zote zikawa kimya sawasawa, na nyuzi zikaendelea kuwa na mabwana wengi. Mwaka mmoja kabla, kundi la Gerta Vrbová London lilifanya kinyume: lilichochea neva kwa umeme kupita kawaida, na upogoaji ukaenda mbio.

Kuna kipande cha tatu. Siku za kuzaliwa, nyuroni za mwendo zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa vijia vya umeme, kwa hiyo zinafyatua kwa pamoja. Katika wiki ya kwanza muungano huo unalegea na kila moja inashika wakati wake. Ni hapo msuli unapoanza kuweza kutofautisha nani anasema na nani yuko kimya. Mpangilio huo wa wakati ninauona ni mzuri kweli.

Shughuli hata hivyo si kila kitu. Panya ambao misuli yao inatengeneza kwa wingi protini ya lishe ya neva iitwayo GDNF hubaki na aksoni nyingi kwa kila uzi kwa muda mrefu zaidi.

Tawi linaloshindwa linakatwa au linaoza?

Halikatwi mahali pamoja likafa kama neva iliyokatwa na kisu. Linarudi. Ncha yake inavimba kichwa, na kichwa hicho kinasogea nyuma kuelekea shina huku kikiacha vipande vidogo vyenye utando vilivyojaa mabaki ya ndani ya seli. Vipande hivyo vilielezwa mwaka 2004 na kuitwa aksosomu, na seli za Schwann zilizoizunguka neva ndizo zinazovimeza. Seli hizo pia zinajipenyeza kati ya neva na msuli, kwa hiyo kazi yao inapita kuokota takataka tu.

Ndani ya tawi, kabla ya yote hayo, mikrotubuli, yaani mirija midogo mno inayolishikilia, zinavunjwa. Kimeng'enya kinachozikata ni spastini, na panya wasio nacho wanachelewa kuondoa matawi. Jina hilo si geni kwa madaktari wa neva: hitilafu katika jeni la spastini ni sababu kubwa ya ugonjwa wa kurithi unaokakamaza miguu.

Kwa binadamu hutokea lini?

Inaanza mimba ikiwa bado tumboni, na kwa baadhi ya misuli inaendelea hadi miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Panya anazaliwa akiwa mchanga kuliko mtoto wetu, ndiyo maana kwake kila kitu kinaonekana baada ya kuzaliwa, na ndiyo maana maabara zinampenda.

Mwanangu ana miezi miwili, akishtuka anatupa mikono yote miwili. Ndiyo mambo haya?

Hapana, mama. Huo ni mshtuko wa kawaida wa vichanga, unaendeshwa na shina la ubongo, na huisha wenyewe mtoto akikaribia miezi minne hadi sita. Kinachostahili kupelekwa kliniki ni mkono mmoja usiotupwa pamoja na mwenzake, mtoto aliyelegea kama hana mifupa, anayenyonya kwa shida, au anayehangaika kupumua. Usisubiri tarehe ya chanjo.

Kumkanda mtoto kwa mafuta au kumweka kwenye kigari cha kutembelea kunaharakisha?

Kumkanda ni kuzuri kwa mtoto na kwa anayemkanda; endelea, taratibu. Kigari achana nacho. Hakimfundishi kutembea, kinaangusha watoto ngazini, na Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Upogoaji wa neva hauhitaji msaada wako, na hakuna dawa ya kunywa wala "kirutubisho cha neva" cha dukani kinachouhusu.

Neva ikikatika ukubwani, mchezo huu unarudiwa?

Ndiyo. Neva ikishonwa, aksoni zinaota kama milimita moja kwa siku, na zikifika msulini nyuzi nyingi zinapata aksoni zaidi ya moja kwa muda. Kisha ugombanizi unaanza upya mpaka ibaki moja.

Polio ni habari ya upande wa pili. Virusi vinaua nyuroni za mwendo, nyuzi zinabaki yatima, na nyuroni zilizosalia zinachipua matawi mapya kuzichukua. Kizio kimoja kinaweza kukua mara kadhaa kuliko kilivyokuwa. Ndiyo maana mtoto aliyepooza mguu anaweza kupata nguvu upya miezi ya baadaye, na ndiyo sababu fiziotherapia haiachwi. Nyuroni hizo zinabeba mzigo huo maisha yote. Baadhi ya walionusurika, miaka 15 hadi 40 baadaye, wanaanza kudhoofika tena, matawi ya ziada yakishindwa kutunzwa. Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio Agosti 2020, lakini waliougua utotoni wako nasi, wengi wakiwa watu wazima. Mzee anayelalamika kwamba mguu "umechoka upya" asiambiwe ni uzee tu.

Ubongo nao unapogolewa hivihivi?

Mahali pengine karibu sawasawa. Kwenye ubongo mdogo wa nyuma, kila seli ya Purkinje, aina ya nyuroni kubwa za huko, huanza na aksoni kadhaa ziitwazo nyuzi za kupanda na kubaki na moja. Kwa panya hilo linakamilika wiki tatu hivi baada ya kuzaliwa. Kwenye gamba la mbele la ubongo wa binadamu, Peter Huttenlocher alihesabu mwaka 1979 akaona msongamano wa sinapsi unapanda hadi utotoni mwanzoni, kisha unashuka polepole kupita ujana. Huko mikroglia, seli za kinga za ubongo, hushiriki kula sinapsi. Msulini kazi hiyo iko kwa seli za Schwann.

Kuna misuli isiyofuata sheria ya bwana mmoja?

Ipo. Misuli inayozungusha jicho ina nyuzi fulani zinazobaki na makutano mengi maisha yote, zikijikunja polepole na kwa muda mrefu badala ya kwa miruko. Vyura wana nyuzi za aina hiyo katika misuli mingine pia. Ukikutana na sentensi "kila uzi wa msuli una neva moja" kwenye kitabu cha kidato cha tano, ongeza kwa penseli: isipokuwa jichoni.